Je, Aliyedhulumiwa Hana Hesabu?

Ewe msomaji mpenzi, miongoni mwa maswali ambayo watafutaji wa kweli huyaleta mbele yetu limo moja lisiloandikwa sana vitabuni, nalo ni zito kuliko mengi yaliyoandikwa. Mtu aliyedhulumiwa tangu utotoni, akanyang'anywa ardhi na heshima na hata wazazi, kisha akakua akawa mkali kwa mkewe na wanawe, je, ana hesabu gani mbele ya Mwenyezi Mungu? Dhambi ya mkono wake ataichukua yeye, au ataichukua yule aliyemharibu?

Watu hulijibu swali hili upesi, na kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba kosa ni kosa, historia haimpigi mtu mke, basi mkosaji na akamatwe, na kama hawezi kujiongoza, waje wengine wamwongoze. Na wako wasemao kwamba huyu ni mgonjwa aliyejeruhiwa na wengine, hivyo lawama yote imrudie mwenye kumjeruhi, na yeye asiulizwe kitu. Jibu la kwanza hujiita haki, na la pili hujiita huruma. Yote mawili yamekwisha kujaribiwa juu ya migongo ya watu hai, nasi leo twataka kuwatazama watu hao, ili tusilijadili jambo hili hewani.

Twasema juu ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara la Australia. Huenda msomaji akauliza: sisi na Waaborijini wapi na wapi? Lakini Mwislamu hana ruhusa ya kuliona taifa lolote kuwa geni kabisa kwake, kwani Kurani Tukufu (35:25) yafundisha kwamba hakuna umma uliopita bila ya kupelekewa mwonyaji. Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifatul Masih wa Nne (r.h.), alipozuru Australia mwaka 1983 na kuweka jiwe la msingi la Msikiti Baitul Huda karibu na Sydney, aliyashughulikia sana mambo ya wenyeji hao. Na katika kitabu chake juu ya ufunuo na akili, kilichotolewa mwaka 1998, aliwatengea mlango mzima, akionyesha kwamba watu hawa walioitwa washenzi walikuwa na imani juu ya Mungu Mkuu kabla ya mmishenari yeyote kuwafikia. Watu walioishi katika bara lao kwa zaidi ya miaka 50,000, wenye lugha zaidi ya 250 wakati Waingereza walipotia nanga mwaka 1788, hawakuwa watu wasio na sheria wala adabu.

Yaliyowapata baada ya mwaka huo yajulikana, nasi hatutayarefusha. Ardhi ilichukuliwa, wengi wakauawa, wengi zaidi wakafa kwa maradhi mageni. Walakini liko jambo moja lituhusulo hapa zaidi ya mengine, nalo ni watoto. Kwa sheria ya mwaka 1905 katika Australia Magharibi, ofisa wa serikali aliyeitwa Mlinzi Mkuu alifanywa kuwa mlezi wa kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini aliye chini ya miaka 16. Fikiri, ewe msomaji: baba na mama wako hai, wamo katika kambi yao, na sheria yasema kwamba mlezi wa mtoto wao ni bwana mmoja aliyeko mjini. Majimbo mengine nayo yalikuwa na sheria za namna hiyo. Taarifa ya uchunguzi wa kitaifa iliyotolewa mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970, mtoto mmoja katika kila kumi, na pengine mmoja katika kila watatu, alitengwa na wazazi wake kwa nguvu. Wengi walilelewa katika vituo ambamo hapakuwa na mama wa kumtazama wala baba wa kumwiga. Watoto hao ndio waliokuja kuwa baba na mama wa kizazi kilichofuata.

Sasa tuitazame nyumba ya mtu huyo. Hesabu za serikali ya Australia zimeonyesha, kwa miaka mbalimbali, kwamba mwanamke wa wenyeji wa asili hulazwa hospitali kwa sababu ya kupigwa na jamaa wa nyumbani zaidi ya mara 30 kuliko mwanamke mwingine wa nchi ile. Haki yatulazimisha kusema hapo hapo kwamba si kila ampigaye mwanamke wa Kiaborijini ni Mwaborijini, kwani wengi wao wameolewa na wanaume wa mataifa mengine; wala haifai kusema kuwa hiyo ndiyo mila yao. Lakini idadi ile ikipunguzwa kwa kila sababu ya haki, bado itabaki kubwa ya kutisha. Na mwanamke huyo akitaka kupiga simu kuwaita polisi, hukumbuka jambo ambalo jirani yake Mzungu hana haja ya kulikumbuka, kwamba baada ya askari huenda akaja ofisa wa ustawi wa watoto. Hata leo mtoto wa wenyeji wa asili yumo katika hatari ya kuondolewa nyumbani zaidi ya mara 10 kuliko mtoto mwingine. Basi mama hunyamaza na kuvumilia ngumi, ili asipoteze mwana kama bibi yake alivyopoteza.

Hapa ndipo swali letu linapokaza. Nani ana hatia katika nyumba hii?

Kurani Tukufu, katika Sura ya saba, yatusimulia habari ya wakosaji wawili wa mwanzo. Iblisi alipoulizwa, alimrudishia Mungu lawama, akadai kuwa ni Yeye aliyempoteza (7:17). Adamu a.s. naye aliteleza, ingawa kuteleza kwake kulikuwa kwa kusahau wala si kwa uasi wa kukusudia. Naye pamoja na mkewe walikiri kwamba wamezidhulumu nafsi zao wenyewe, wakaomba maghufira (7:24). Wahubiri wetu huitaja tofauti hii mara nyingi. Lakini liko jambo ambalo kwa kawaida hupitwa haraka: udhuru wa Adamu ulikuwa wa kweli! Mwenyezi Mungu Mwenyewe ameshuhudia kwamba Shetani ndiye aliyewatelezesha. Lau Adamu angalisema, 'Ewe Mola wangu, nimedanganywa,' asingalikuwa amesema uongo hata neno moja. Hata hivyo hakulifanya neno hilo kuwa kinga yake.

Na je, kwa kukiri kwake, Shetani alipunguziwa hesabu? La hasha. Katika Sura hiyo hiyo (7:39) twasoma habari ya watu wa motoni wanaowashtaki waliowatangulia na kuwapoteza, wakitaka wazidishiwe adhabu mara mbili, nao hujibiwa kwamba kila kundi lina maradufu yake. Maana yake ni nzito. Hatia si kama mkate ugawanywao, kwamba mmoja akichukua kipande kikubwa mwenzake abakie na kidogo. Dhambi moja yaweza kuandikwa nzima katika daftari la mtendaji, na ikaandikwa nzima tena katika daftari la yule aliyemwandalia njia. Hivyo mtu aweza kusema, 'Mimi nimemdhulumu mke wangu,' pasipo kuwafutia chochote wale waliomdhulumu yeye. Na serikali yaweza kuambiwa, 'Ninyi mliiharibu nyumba hii,' pasipo kumfutia chochote yeye aliyeinua mkono ndani yake.

Huruma ile ya pili, isemayo kwamba mdhulumiwa asiulizwe kitu, ina sumu ndani yake. Asiyeulizwa ni mtoto, au mwenda wazimu, au mnyama. Yule Mlinzi Mkuu wa mwaka 1905 aliwahesabu Waaborijini vivyo hivyo, kwamba hawana dhima, basi hawana mamlaka juu ya wana wao. Anayemwondolea mtu hesabu humwondolea na uongozi wa nyumba yake kwa pigo moja. Na anayemwachia mtu hesabu yake hana budi kumwachia pia hatamu za kulirekebisha alilolikosa. Mambo hayo mawili huenda pamoja, na kuyatenganisha ni dhuluma mpya. Hili si wazo la kubuni. Lilionekana waziwazi katika mwaka mmoja, mwaka 2007.

Katika mwaka huo watu wawili waliotumwa na serikali ya Jimbo la Kaskazini, Rex Wild, mwanasheria, na Pat Anderson, mwanamke wa Kiaborijini wa kabila la Alyawarre, walitoa taarifa juu ya kudhuriwa kwa watoto katika vijiji vya wenyeji. Jina lake kwa lugha yetu lingekuwa 'Watoto Wadogo ni Watakatifu'. Walitoa mapendekezo 97, na tangu pendekezo la kwanza walisisitiza kwamba serikali ishauriane na wenyeji wenyewe katika kila mpango utakaowahusu. Juni 21, 2007, serikali kuu ya Australia ilitangaza hatua zake. Wanajeshi walipelekwa vijijini, matumizi ya fedha za msaada yakatiwa mipaka kwa wenyeji wote wa vijiji vile, aliye mwema na aliye mwovu, na sheria ya mwaka 1975 inayokataza ubaguzi wa rangi ikasimamishwa ili mipango hiyo iweze kupita. Shabaha iliyotajwa ilikuwa njema, kwani nani asiyetaka mtoto aokolewe? Lakini watu walitiwa hatiani wote kwa jumla, na hatamu zikachukuliwa zote. Wazee waliokuwa wakipigania jambo hilo hilo kwa miaka mingi walijikuta wanatazamwa kama washukiwa.

Mwaka huo huo, magharibi yake, katika bonde la mto Fitzroy nchi ya Kimberley, jambo lilianza kwa mlango mwingine. Mji mdogo wa Fitzroy Crossing ulikuwa umezika wengi, vijana wakijiua, wanawake wakipigwa, watoto wakizaliwa na ubongo uliodhurika kwa pombe waliyokunywa mama zao. Wanawake wa makabila ya bonde lile, Wabunuba, Wagooniyandi, Wawalmajarri na wengineo, walikutana porini kama ilivyo desturi yao ya kila mwaka, wakaamua kwamba ulevi ule haustahimiliki tena. Mbele walikuwa June Oscar na Emily Carter wa kituo cha wanawake kiitwacho Marninwarntikura. Waliiandikia mamlaka ya leseni za vileo kuomba kwamba pombe kali isiuzwe tena kwa watu kwenda nayo nyumbani. Ombi likakubaliwa, na tangu Oktoba 2007 kilichoruhusiwa kuchukuliwa kilikuwa bia hafifu tu.

Msomaji asidhani kuwa walishangiliwa. Walichukiwa na wenye maduka ya pombe, na, jambo lililokuwa zito zaidi, walichukiwa na baadhi ya jamaa zao wenyewe, waliosema kwamba akina mama hawa wameishirikisha serikali katika kuwabana watu wao. Hata hivyo walisimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame waliokagua mambo baada ya mwaka mmoja walikuta majeraha ya ulevi yamepungua katika hospitali, na jeuri za ulevi zimepungua katika vitabu vya polisi. Walikuta pia kwamba wako walevi waliohamia miji mingine kufuata pombe, nasi twalitaja hilo kwa sababu ukweli hauhitaji kupambwa. Wanawake hao hawakukomea hapo. Wao wenyewe waliwaita madaktari waje kuwapima watoto wa bonde lao waliozaliwa mwaka 2002 na 2003, ili ijulikane ni wangapi waliodhurika matumboni. Fahamu lilivyo gumu jambo hili kwa mama, kumpeleka mwanawe apimwe madhara ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyasababisha kwa glasi yake. Walimpeleka.

Sisi Waislamu, tuliokatazwa pombe kwa amri ya wazi ya Mungu, twaweza kuitazama habari hii kwa furaha na tukaishia hapo. Ingekuwa kosa. Jambo la kuzingatiwa zaidi kuliko kukatazwa kwa pombe ni nani aliyeikataza. Sheria ile ile, ikiletwa na askari wa mbali, ingeitwa utumwa. Ilipoombwa na bibi za watu wa pale, ikawa ni malezi. Kurani Tukufu (13:12) yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu haibadili hali ya watu mpaka wao wayabadili yaliyo nafsini mwao, na hapo neno 'wao' halina naibu.

Mwaka uliofuata ulikuwa na misamaha miwili. Wa kwanza waujua ulimwengu wote: Februari 13, 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama Bungeni Canberra akaomba radhi kwa niaba ya Serikali na Bunge kwa watoto wale waliotengwa na wazazi wao. Wa pili haukusikika sana, na kwa maoni yetu si mdogo kuliko ule wa kwanza. Julai mwaka huo, wanaume wa Kiaborijini wapatao 400 walikusanyika Inteyerrkwe, yaani Ross River, mashariki ya Alice Springs, katika mkutano juu ya afya ya wanaume. Walikuwa watu ambao kwa mwaka mzima magazeti yalikuwa yamewachora wote kama wanyama wakali kwa watoto. Wangeweza kukutana ili kujitetea, na utetezi wao ungekuwa na ukweli mwingi. Badala yake walitoa tamko la kukiri na kuomba radhi kwa maumivu ambayo wanaume wa Kiaborijini wamewatia wake zao, watoto wao, mama zao, bibi zao, dada zao na jamaa zao wengine wa kike, wakasema kwamba wanahitaji upendo na msaada wa wanawake hao ili wasonge mbele. Nao papo hapo waliitaka serikali iwape nyenzo za kazi hiyo.

Liangalie tamko hili, ewe mtafutaji wa kweli, kwa mizani ya Adamu na Iblisi. Hawakungoja mpaka deni lao wanalowadai wengine lilipwe ndipo walipe walilodaiwa. Wala hawakusema kwamba kwa kuwa wamekiri, basi serikali sasa haina lawama. Na kwa kukiri wakajirudishia kiti cha baba, ambacho sheria ya Mlinzi Mkuu ilikiondoa. Kwani ni mwenye nyumba peke yake awezaye kusema, 'Nyumbani kwangu pameharibika kwa mkono wangu, nami nitapatengeneza.'

Kukiri si mwisho wa kazi, nao walijua hivyo. Zamani kabla ya mkutano ule wanawake walikwisha kuwa njiani usiku. Katika mji wa Tennant Creek, tangu miaka ya 1980, Waaborijini walianzisha doria ya usiku ya wenyewe kwa wenyewe. Na katika kijiji cha Yuendumu, kaskazini-magharibi ya Alice Springs, mwanzoni mwa miaka ya 1990 bibi wazee wa Kiwarlpiri walianza kuzunguka giza likiingia, hawana bunduki wala cheo cha serikali, mikononi wana fimbo zao tu. Walevi waliwaondoa barabarani, wagomvi waliwatenganisha, mwanamke aliye hatarini walimpeleka mahali pa salama. Kijana mwenye misuli angeweza kuwasukuma kwa mkono mmoja. Lakini wale walikuwa bibi zake, wanaomjua tangu kuzaliwa, na kila mmoja akimwita kwa jina la undugu. Nguvu ya fimbo ile haikuwa katika mti.

Yatukumbusha agizo la Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba Mwislamu amsaidie ndugu yake, akiwa mdhulumiwa au akiwa mdhalimu. Masahaba walistaajabu, wakauliza mdhalimu husaidiwaje, naye akawafahamisha kwamba kumzuia asidhulumu ndiyo kumsaidia. Bibi wa Yuendumu, bila ya kuisoma hadithi hii, walikuwa wakimsaidia mpigaji na mpigwa kwa safari moja.

Hapa pana hoja ya upande wa pili, na si hoja dhaifu. Husemwa kwamba viongozi wa ndani hulinda watu wao, kwamba mzee wa kijiji ni baba mdogo wa mpigaji, na kwamba undugu uleule unaotuliza ugomvi ndio unaomziba mwanamke kinywa. Yote hayo hutokea, huko na kwingineko. Waaborijini wenyewe waliyaona. Yalikuwako mashirika yao ya msaada wa kisheria, lakini kwa desturi yaliwatetea washtakiwa mahakamani. Basi mwanamke aliyepigwa alikuta wakili amekwisha kuchukuliwa na aliyempiga. Ndipo zikaanzishwa huduma nyingine za kisheria kwa ajili ya wapigwa tu. Ile ya jimbo la Victoria, ambayo siku hizi yaitwa Djirra, imeongozwa na Antoinette Braybrook tangu mwaka 2002. Kabla ya hapo, mwaka 1980, wanawake wa jangwa la kati walioona kwamba katika majadiliano juu ya haki ya ardhi sauti yao haisikiki, waliunda Baraza la Wanawake wa Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara, linalohudumia nchi ya kilometa za mraba 350,000. Na mwaka 1994 Baraza hilo likaanzisha huduma maalumu kwa wanawake wanaopigwa, huduma ambayo haioni haya kwenda na mwanamke mpaka polisi na mahakamani. Kwa hiyo uongozi wa ndani usifikiriwe kuwa ni wazee wa kiume kukaa kivulini na kumalizana. Pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini sheria ya nchi na ifanye kazi yake, na ndugu ndio wawe wa kwanza kuiita. Kurani Tukufu (4:136) haikutuachia mlango wa kuficha, kwani yatuamuru kushuhudia kwa haki hata iwe dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Na desturi hii ya kuonyana hadharani si ngeni katika Islam. Wakati wa Mtume Mtukufu s.a.w. wanawake wengi waliizunguka nyumba yake kuwashtaki waume wanaowapiga. Naye hakuwafukuza wala hakuwaambia wakafiche siri za nyumba zao, bali aliwatangazia watu kwamba waume wa namna hiyo si wabora wao. Katika zama hizi Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipokea ufunuo uliomkataza Maulvi Abdul Karim wa Sialkot ukali aliokuwa nao kwa mkewe. Huyu alikuwa sahaba mkubwa, ndiye aliyekuwa akiwasalisha watu Qadian. Onyo hilo halikufichwa ili kulinda jina la imamu. Lilichapishwa, nasi twalisoma mpaka leo.

Najua kwamba wako wasomaji, hasa waliokuja kwetu kutoka dini nyingine, ambao tangu mwanzo wa makala haya wana swali midomoni: je, Kurani yenyewe haikumruhusu mume kumpiga mke? Wana haki ya kuuliza. Aya wanayoikusudia (4:35) yahusu uasi wa wazi wa mke, na yaanza kwa nasaha, kisha kutengana vitandani, na adhabu imewekwa mwisho kabisa. Nayo Mtume Mtukufu s.a.w. aliifunga kwa masharti, isiguse uso, isiache alama. Yeye mwenyewe, aliyeteremshiwa Aya hiyo, hakumpiga mwanamke kamwe. Lakini Aya inayofuata mara (4:36) yaagiza kwamba mfarakano ukihofiwa, achaguliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa ya mume na mmoja kutoka jamaa ya mke. Yaani jambo hutolewa chumbani, likawekwa mbele ya watu wa pande zote mbili. Mume asomaye Aya ya kwanza na kuisahau ya pili ameiba nusu ya hukumu. Na yule apigaye kwa sababu amekasirika, au amekunywa, au chumvi imezidi mchuzini, hana Aya hata moja. Tena tuwe wakweli: wako waume wanaojiita Waislamu ambao wana udhuru mdogo kuliko wa yule wa Inteyerrkwe, na hawajafika hata mwanzo wa tamko lake.

Turudi Australia tumalizie. Msomaji asichukue habari kwamba yote yamekwisha kutengenezwa huko. Katika mapatano ya kitaifa ya mwaka 2020, yaliyotiwa sahihi na serikali zote za nchi pamoja na muungano wa mashirika ya wenyeji, iliwekwa shabaha kwamba jeuri dhidi ya wanawake na watoto wa wenyeji ipunguzwe kwa nusu kufikia mwaka 2031, na safari bado ndefu. Huko jangwani, lile Baraza la Wanawake limekuwa tangu mwaka 2012 likiwakalisha pamoja waganga wa jadi, wanawake wazee na madaktari wa akili ili wayatafutie majina, katika lugha za Kipitjantjatjara na Kingaanyatjarra, yale mambo yanayomtokea mtoto aliyeona mama yake akipigwa. Jina la kazi hiyo ni Uti Kulintjaku, maana yake kufikiri na kufahamu kwa wazi. Baadaye wanaume nao waliunda kundi lao ndani ya kazi hiyo. Hukutana, huzungumza juu ya baba zao waliochukuliwa na juu ya mikono yao wenyewe, kisha hurudi vijijini kuketi na vijana.